Mia kwa Mia Kabla ya Hoja

Fuatilia Bunge wakati wa bajeti, kwa redio au televisheni, na baada ya siku mbili utakuwa umeukariri mtiririko wake. Mbunge anasimama, anamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumjalia afya, anamshukuru Rais kwa fedha zilizomiminika jimboni, anampongeza Waziri, Naibu Waziri, Katibu Mkuu na watendaji wote wa wizara, kisha anatamka: "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja mia kwa mia." Hapo ndipo anapoanza kueleza kwamba daraja la kata fulani lilisombwa na maji masika ya mwaka juzi, zahanati haina mganga, na fedha zilizopitishwa mwaka jana hazijaonekana. Kengele ya kwanza inalia. Ya pili inalia. Anakaa huku akirudia: naunga mkono hoja.

Sina ugomvi na shukrani; kwetu asiyeshukuru huonekana hana malezi. Kinachonisumbua ni mpangilio. Mtu aliyetoa kura kabla ya kutoa sababu, hizo sababu anampa nani? Waziri hazihitaji, kura ameshaitia mfukoni. Wabunge wenzake hawazihitaji, nao wamekuja na mia kwa mia yao. Anabaki mpiga kura wa jimboni, atakayetumiwa kipande cha video kwenye WhatsApp ajionee jinsi mheshimiwa wake alivyounguruma.

Vijiweni utasikia maelezo mepesi ya hali hii: wasemaji wamekwisha. Kizazi cha Mwalimu Nyerere, cha Bibi Titi Mohamed, cha Tom Mboya kule Kenya, kimeondoka na vipaji vyake. Mimi siamini. Mshenga anayepelekwa kuomba posa leo hii bado anapanga maneno yake usiku kucha, anajua shangazi yupi ana kinyongo na mjomba yupi hupenda utani, kwa sababu anakwenda kwa watu wanaoweza kumrudisha na barua yake. Vipaji vipo tele. Kilichoadimika katika siasa zetu ni msikilizaji anayeweza kukataa, na palipokosekana huyo, hata fundi wa maneno huishia kuunguruma.

Ushahidi wangu wa kwanza ni wa zamani sana na unatoka mbali. Mwaka 428 KK mji wa Mytilene, katika kisiwa cha Lesbos, uliasi dhidi ya Athens katikati ya vita kati ya Athens na Sparta. Msaada ulioahidiwa na Sparta ulichelewa, njaa ikaingia mjini, na mwaka uliofuata Mytilene ikajisalimisha kwa jemadari Paches. Athens ikapandwa na hasira. Mji huo ulikuwa mshirika aliyependelewa, wenye merikebu zake wenyewe, haukutozwa kodi kama wengine, sasa umewageuka. Raia wakakutana, wakapiga kura: wanaume wote wazima wa Mytilene wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikatumwa siku ileile kumpelekea Paches amri.

Usiku ukapita, na asubuhi watu wakaamka na nafsi nzito. Thucydides, Mwathene wa zama zile aliyeandika historia ya vita hivyo, anasimulia kwamba wajumbe wa Mytilene waliokuwa mjini, pamoja na Waathene waliowaunga mkono, waliwabana wakubwa mpaka mkutano ukaitishwa upya. Tukumbuke mikutano ile ilivyokuwa. Raia walikusanyika juu ya kilima cha Pnyx, mpiga mbiu akauliza nani anataka kusema, na raia yeyote aliweza kupanda. Baada ya maneno, mikono ilinyooshwa na jambo likaisha. (Raia maana yake wanaume huru. Wanawake, watumwa na wageni, ambao kwa pamoja walikuwa wengi kuliko raia, walibaki nje, na sitaki mtu anisome kana kwamba nimelisahau hilo.)

Aliyepanda kutetea amri ya kuua alikuwa Cleon, msemaji aliyependwa kuliko wote wakati huo. Hoja yake ilikuwa na ncha mbili. Kwanza, dola inayobadili amri zake kila kukicha haiwezi kutawala wengine. Heri sheria mbovu isiyoyumba. Pili, aliwageukia wasikilizaji wenyewe na kuwakaripia kwamba wamegeuka watazamaji wa maneno, wanakuja mkutanoni kustarehe na ufundi wa wasemaji badala ya kupima mambo ya nchi. Msemaji hodari kuliko wote mjini anatumia hotuba nzuri kuwaonya watu dhidi ya hotuba nzuri! Mbinu hii haijafa. Kila uchaguzi tunampata mgombea anayepanda jukwaani kutangaza kwamba yeye si mtu wa maneno, kisha anaongea saa mbili.

Aliyemjibu aliitwa Diodotus. Hatujui karibu lolote lingine juu ya maisha yake. Anatokea katika historia kwa hotuba hii moja, kisha anapotea. Na alichofanya ndicho kinachonivutia mimi. Hakuomba huruma. Alijua mkutano umejaa watu wenye hasira, na mtu mwenye hasira ukimwambia awe na huruma anaona unamwita mkatili. Akasema: mimi sikuja kuwatetea Wamytilene wala kubishana kama wana hatia au hawana. Hata wakiwa na hatia kubwa namna gani, swali letu leo ni je, kuwaua kuna faida kwetu? Halafu akapiga hesabu. Mji ukiasi leo na kuona umeshindwa, hukubali yaishe mapema, ungali na uwezo wa kulipa gharama na kodi. Mkiwaua wote, mji mwingine wowote utakaoasi utapigana mpaka mtu wa mwisho, kwa kuwa kusalimu mapema na kusalimu mwisho bei yake ni moja. Zaidi ya hapo, watu wa kawaida wa Mytilene ndio waliousalimisha mji pale walipopewa silaha. Mkiwaua hao pamoja na wakubwa waliopanga uasi, rafiki zenu katika kila mji wataona kwamba urafiki wenu hauna thamani.

Mikono ikanyooshwa. Ilikaribia kulingana, lakini Diodotus akashinda. Merikebu ya pili ikatumwa kwa haraka, ya kwanza ikiwa imetangulia kwa takriban siku nzima. Wajumbe wa Mytilene wakawapa wapiga makasia mvinyo na unga wa shayiri na kuwaahidi zawadi nono wakiwahi. Wale mabaharia walikula huku wakivuta makasia, unga umekandwa kwa mvinyo na mafuta ya zeituni, wakalala kwa zamu. Ile ya kwanza haikuwa na haraka. Nani anakimbilia kazi kama ile? Ya pili ilipotia nanga, Paches alikuwa ameshaisoma amri na alikuwa anajiandaa kuitekeleza.

Msimulizi mwingine angeishia hapo kwa kupiga makofi. Thucydides haishii hapo, nami sitaishia. Watu zaidi ya elfu moja waliohesabiwa kuwa viongozi wa uasi waliuawa, kwa pendekezo la Cleon yuleyule, kuta za mji zikabomolewa, ardhi ikagawiwa Waathene. Mashauri yaliokoa mji, hayakuwatakasa walioyafanya. Na mwaka 416 KK Athens ikaenda katika kisiwa kidogo cha Melos na kuwaambia wenyeji waziwazi kwamba mambo ya haki hayazungumzwi baina ya mwenye nguvu na mnyonge. Watawala wa Melos nao hawakutaka wageni waseme mbele ya watu wao, wakawakalisha faragha. Maneno yalikuwa mengi pande zote mbili na hayakubadili kitu. Wanaume wa Melos wakauawa.

Chini ya karne moja baadaye, Aristotle aliandika kitabu juu ya ufundi wa hotuba. Aligawa hotuba mafungu matatu. Kuna ya mahakamani, inayohusu lililokwisha kutendwa na kuuliza haki iko wapi. Kuna ya sifa na lawama, ya sherehe na misiba. Na kuna ya mashauri, inayohusu lijalo na kuuliza lipi lina manufaa na lipi lina madhara. Lakini kilichonikaa mimi si mafungu hayo, bali kigezo alichoyagawia: alimtazama msikilizaji. Msikilizaji ni mwamuzi au ni mtazamaji. Mahakamani anaamua yaliyopita, kwenye shauri anaamua yajayo, kwenye sherehe anatazama tu na kusema huyu bwana anajua. Utaona jinsi Cleon alivyogusa jambo la kweli huku akilitumia vibaya. Aliwaambia Waathene wamekuwa watazamaji, wakati mkutano ule wa pili wenyewe ulikuwa uthibitisho kwamba bado ni waamuzi.

Asije mtu akadhani nimekwenda Ugiriki kwa kuwa huku hapakuwa na kitu. Pwani yetu ilikuwa na desturi ya kujibizana kwa mashairi muda mrefu kabla ya magazeti. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga katika miaka ambayo Mazrui wa Mombasa walikuwa wakisukumana na Sayyid Said wa Oman juu ya nani atawale mwambao. Shairi la siasa wakati ule lilikuwa silaha, na lilitungwa kwa kujua kwamba upande wa pili kuna malenga atakayelijibu, na kwamba wanaosikiliza barazani watapima nani kamzidi mwenzake. Desturi hiyo iliendelea magazetini. Wasomaji wa zamani wa Mambo Leo wanakumbuka malenga walivyofumuana kwa beti mwezi baada ya mwezi. Kujibiwa kulikuwa sehemu ya sanaa.

Sasa ushahidi wa pili: Tabora, Januari 1958.

Kwa vijana ambao historia hii imewafikia kama jina la mtaa tu, ngoja niieleze kidogo. TANU, chama cha Nyerere, ilikuwa na miaka mitatu na nusu. Gavana Edward Twining alikuwa na sera yake ya "mseto" iliyodai kwamba Tanganyika ni nchi ya mataifa matatu yenye haki sawa: Waafrika zaidi ya milioni 8, Waasia wasiofika laki moja, na Wazungu elfu 20 hivi. Katika Baraza la Kutunga Sheria kila kundi lilipewa viti sawa. Uchaguzi wa kwanza ukatangazwa, na masharti yake yalikuwa haya. Mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe ameshika wadhifa fulani. Na akiingia kwenye chumba cha kura sharti achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Akichagua Mwafrika peke yake, karatasi yake imeharibika.

Fikiria hiyo karatasi mkononi mwa karani au mwalimu wa shule aliyeingia TANU ili aondokane na mambo hayohayo. Ilikuwa tusi lililochapishwa. Nyerere mwenyewe alikuwa ametoka kujiuzulu kwenye Baraza hilo Desemba 1957, baada ya kukaa miezi michache na kuona hasikilizwi. Wajumbe waliokwenda Tabora kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa TANU, wengi wao walikwenda na jibu moja: tususie.

Nyerere alitaka washiriki. Hapo ndipo kazi yake ilipokuwa ngumu kuliko kazi ya mkutano wa hadhara pale Mnazi Mmoja. Mnazi Mmoja waliokuja walikuja kumshangilia. Tabora alikuwa mbele ya watu wake mwenyewe, waliokula naye shida, na wengi wakimpinga. Kura ilikuwa yao. Kama wangesema tususie, chama kingesusia na yeye angefuata au angeondoka. Mwandishi Mohamed Said, aliyekusanya masimulizi mengi ya wazee wa TANU, anaeleza kwamba kabla ya Tabora Nyerere alipitia Tanga kuteta na viongozi wa chama wa huko, apate watu wa kumuunga mkono ukumbini. Nalitaja hilo kwa sababu tunapenda kusimulia historia kana kwamba mtu mmoja alisimama, akafungua kinywa, na milima ikahama. Nyuma ya hotuba iliyoshinda huwa kuna safari na mazungumzo ya faragha, kisha kuhesabu nani yuko wapi.

Alipofika kwenye hoja, kwa jinsi kisa kinavyosimuliwa, aliwapa mfano wa mtu mwenye shamba lililoiva, ambaye kati ya nyumba yake na mavuno pana dimbwi la tope. Akitaka kuvuna itabidi miguu ichafuke. Achague: miguu safi na mazao yaoze, au miguu michafu na mazao ghalani.

Mfano huo umesimuliwa mara nyingi mpaka umekuwa kama kisa cha sungura, na kwa kuusimulia hivyo tumesahau ndani yake mna nini. Tazama alichokubali kabla ya kuomba chochote. Alikubali kwamba kura tatu ni tope. Hakuwaambia wenzake kwamba wamekosea kukasirika, wala hakuipaka rangi sheria ya Twining. Hasira yao aliipa haki yake yote, halafu akaiweka pembeni na kuuliza swali jingine, lilelile la Diodotus: tukifanya hivi, kesho tutapata nini, na tusipofanya tutapoteza nini?

Na nyuma ya mfano kulikuwa na hesabu. TANU ikisusia, viti vyote vitakwenda kwa United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana, na hicho ndicho kitakachosimama mbele ya Uingereza kikisema kwa jina la nchi. TANU ikishiriki, sharti lile la kura tatu linaweza kugeuzwa. Waafrika ndio wengi kwenye daftari katika majimbo mengi. Kama kila mmoja analazimishwa kumchagua Mwasia na Mzungu, basi Waafrika ndio watakaoamua ni Mwasia yupi na Mzungu yupi anaingia. Kilichobuniwa kuwafunga kinawapa ufunguo wa viti vyote vitatu, sio kimoja tu.

Wajumbe wakabishana kwa siku kadhaa, kisha wakakubali kushiriki. Uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea wa TANU pamoja na Waasia na Wazungu waliokuwa na baraka yake, akina Amir Jamal, Derek Bryceson, Sophia Mustafa na Lady Chesham, wakazoa viti. UTP ikasambaratika. Gavana mpya, Richard Turnbull, alikuwa ameshatamka Oktoba 1958 kwamba serikali ya nchi hii itakapojitawala itakuwa ya Waafrika walio wengi. Kutoka Tabora hadi usiku wa uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, haikufika miaka minne.

Wapo waliokataa kushawishika. Zuberi Mtemvu alitoka TANU akaunda African National Congress, na mwaka 1962 alisimama dhidi ya Nyerere katika uchaguzi wa Rais akapata chini ya asilimia 2 ya kura. Hucheka watu wakiitaja takwimu hiyo. Mimi naona Mtemvu alikuwa na umuhimu wake. Kuwapo kwa mtu anayeweza kusema hapana, akabeba mkoba wake na kuondoka, ndiko kulikomlazimu Nyerere atafute hoja badala ya amri.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa Mwalimu, nami nikiwamo, hawapendi kulisikia kwenye sentensi moja na Tabora. Mwaka uleule wa 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, alifukuzwa chamani baada ya kuhoji mgawanyo wa wagombea kwa kigezo cha dini. Unaweza kusema, na wengi wamesema, kwamba swali lake lilikuwa moto uliotaka kuunguza nyumba. Inawezekana. Lakini halikujibiwa kwa hoja. Mwaka 1965 chama kimoja kikawa sheria ya nchi, na Oktoba 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa TANU na hivyo kupoteza viti vyao, baadhi yao wakiwa wamejulikana kwa kuuliza maswali magumu bungeni. Mtu aliyejua kuliko wote thamani ya msikilizaji huru ndiye aliyeongoza nchi wakati msikilizaji huyo akifungwa mdomo. Katiba ya leo, yenye vyama vingi, imeirithi kanuni ileile: mbunge akipoteza uanachama wa chama chake, amepoteza ubunge. (Wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na Chadema Novemba 2020 waliendelea kukaa bungeni, lakini hilo halimfariji mtu, linaonyesha tu kwamba kanuni humlinda inayetaka kumlinda.)

Kwa hiyo ile mia kwa mia niliyoanza nayo msiidhanie ni woga wa mtu mmoja mmoja. Ni hesabu. Mbunge anajua uamuzi ulifanywa kwenye kikao cha wabunge wa chama, milango imefungwa, na kwamba akisimama ukumbini kusema kinyume anaweka rehani kiti alichouzia shamba. Hawezi kushawishika, na asiyeweza kushawishika hana sababu ya kushawishi. Kilichobaki ni lile fungu la Aristotle la sifa na lawama, upande mmoja ukiwa na sifa na upande wa pili, tulipokuwa nao, ukiwa na lawama.

Atasema mtu: mikutano ya hadhara je? Kule wananchi ndio waamuzi, na kura wanayo. Ni kweli, na ndiyo maana katazo la mikutano hiyo kuanzia 2016 hadi lilipoondolewa Januari 2023 lilikuwa hasara kwa nchi nzima, si kwa vyama vya upinzani tu. Lakini kura ya pale ni ya miezi ijayo, na inampima mtu, haipimi hoja. Anayehudhuria amevaa fulana ya chama, amekuja na lori la chama, na msanii wa chama ndiye atakayepanda kwanza. Mwaka 2015 mgombea wa urais alipiga pushapu jukwaani kuonyesha uzima wake, na umati ukalipuka. Alikuwa anajibu hoja iliyokuwa hewani kuhusu afya ya mpinzani wake, kwa hiyo nampa alama. Ila pushapu haijibiki, labda nawe upige zaidi.

Na msikilizaji mwenye kura akipatikana, mambo hubadilika hata hapa kwetu. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilizunguka nchi kuuliza kama tuendelee na chama kimoja. Asilimia 80 hivi ya waliotoa maoni walitaka kibaki, 20 hivi walitaka vyama vingi. Tume ikazipima sababu, ikaona kwamba wengi wa hao 80 walikuwa na madai ambayo chama kimoja kisingeweza kuyatimiza, ikashauri mfumo ubadilishwe. Chama chenyewe kikakubali Februari 1992 na sheria ikaanza Julai mwaka huo. Nyerere, aliyekuwa amelianzisha jambo hilo hadharani mwaka 1990, kwa mara nyingine alikuwa akiwaambia watu wake wasiyopenda kuyasikia. Jirani zetu Kenya, tarehe 21 Novemba 2005, waliikataa rasimu ya katiba ya serikali kwa asilimia 58 hivi, mawaziri wa serikali ileile wakiwa wamegawanyika kati ya ndizi, alama ya ndiyo, na chungwa, alama ya hapana, na Rais Kibaki akakubali matokeo. Kampeni ile ilikuwa na kelele nyingi, ila watu walibishana kuhusu vifungu.

Nafasi yetu kubwa kuliko zote katika kizazi hiki ilikuwa Bunge Maalum la Katiba, lililoanza Dodoma Februari 2014. Palikuwa na wabunge, wawakilishi kutoka Zanzibar, na wajumbe 201 walioteuliwa kutoka makundi ya wakulima, wafugaji, walimu, taasisi za dini na mengineyo. Kama pangekuwapo Pnyx ya Watanzania, basi ni pale. Na jambo lililowakwamisha kwa wiki nyingi, kabla hata rasimu haijafunguliwa, lilikuwa kama kura ipigwe kwa siri au kwa wazi. Watu waliwacheka: wanalipwa posho ya shilingi 300,000 kwa siku kubishania namna ya kunyoosha mkono! Mimi nilidhani, na bado nadhani, kwamba huo ndio ulikuwa mjadala wenyewe. Waliotaka kura ya wazi walisema mwakilishi hana cha kuwaficha waliomtuma. Waliotaka ya siri walijua anayetazama mkono wako si wananchi, ni mtu wa chama aliyekaa safu ya nyuma na daftari. Mwafaka ulikuwa kila mjumbe achague mwenyewe, na hilo halikutatua kitu, kwa sababu aliyechagua siri alikuwa ameshajitaja.

Machi 18 Jaji Joseph Warioba, aliyeongoza tume iliyoandaa rasimu, aliwasilisha rasimu ya Muungano wa serikali tatu. Siku tatu baadaye Rais Kikwete, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa chama chenye wajumbe wengi ukumbini, alikuja kulihutubia Bunge hilo na kueleza hatari anazoziona katika serikali tatu. Ukiisoma hotuba yake bila ushabiki ni hotuba ya hoja: gharama, madeni, ulinzi, nani anakusanya kodi. Ingepata majibu mazito kutoka kwa wajumbe walioweza kuyatoa. Lakini mwenyekiti wa chama anapokuambia anavyoona, na kiti chako kiko mkononi mwa chama, hoja nzuri na hoja mbaya huzaa matunda yaleyale. Aprili 16 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka ukumbini. Waliobaki wakaendelea bila mtu wa kuwapinga kwa dhati, na Oktoba 2 Katiba Inayopendekezwa ikapita kwa theluthi mbili za kila upande wa Muungano.

Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na wananchi bado hawajaulizwa.